Vidole vya Deolinda

Deolinda Caeiro alikuwa na miaka kumi na tisa mashine ya kukata vichwa vya samaki ilipomla vidole viwili vya mkono wa kulia. Alirudi kiwandani baada ya mwezi, akaendelea kusindika dagaa hadi kiwanda kilipofungwa. Pale kiwanda kilipokuwa, mji wa Setúbal, Ureno, ukajenga bustani chini ya paa kubwa la saruji lenye matundu, mizabibu ikapandishwa juu mpaka jua likabaki vipande vipande sakafuni. Deolinda akaajiriwa kumwagilia.

Kisha akaja msanii mmoja, Ivo, akitaka wafanyakazi wa zamani wabonyeze viganja kwenye udongo, vichomwe viwe vigae vya ukuta. Walipanga foleni. Deolinda akaenda kumwagilia upande wa pili.

Eulália, aliyefanya naye kazi meza moja, akamfuata huku mikono imejaa udongo.

"Wewe, kwani mkono wako ulikuwa likizo miaka yote ile?"

"Una kasoro, Eulália."

"Na wangu una baridi yabisi. Twende, bwana."

Akaenda. Akabonyeza haraka kama anayegusa sufuria ya moto, kisha akanawa.

Siku moja kabla ya ufunguzi, mafundi walipokuwa wakimalizia ukuta, alikitafuta kigae chake. Akaliona jina lake chini ya kiganja chenye vidole vitano. Mchomaji wa vigae alidhani udongo umeharibika, akaongeza viwili, vizuri kabisa, hata kucha kaweka.

Deolinda alisimama pale, maji ya mpira wa kumwagilia yakimwagika miguuni.

"Huu si mkono wangu," akamwambia msimamizi wa mafundi.

"Mama, umependeza zaidi. Nani atajua?"

"Mimi. Niko hapa kila asubuhi."

"Ufunguzi ni kesho, mama yangu."

"Basi fungueni. Hicho kitoeni."

Msimamizi akampigia Ivo simu, akitumaini msanii atakataa. Ivo alikuja mwenyewe, akautazama mkono wa Deolinda, akautazama ukuta. Akaona haya. Akaomba patasi, akakibandua kigae kikavunjika vipande vitatu. Jioni ile Deolinda akabonyeza tena, safari hii polepole, akiegemea kwa uzito wake wote.

Wakubwa wakahutubia mbele ya ukuta wenye pengo. Mwanamke mmoja alipouliza nani hayupo, Deolinda akajibu, "Yuko kwenye tanuri."

Baada ya wiki tatu, Jumanne asubuhi, kigae kikaletwa. Hapakuwa na hotuba. Fundi akampa mwiko, Deolinda akapaka saruji mwenyewe, akakikandamiza mpaka kikashika. Vidole vitatu, na vile vifupi viwili, kila mkunjo umetoka.

Eulália alikuwa ameleta mkate na ngisi wa kukaanga. Wakakaa kivulini, wakala.

"Mkono wako umetoka vizuri," Eulália akasema kwa wivu. "Wangu unafanana na guu la bata."

"Unafanana na mkono wako," Deolinda akasema, akamsogezea ngisi.