Siku ya Baba Kulala Mkekani

Keshokutwa wanafunzi wanarudi bwenini, na mimi mpishi wao nitaamka kabla ya jogoo, nikoroge uji katika sufuria ambazo mtu mzima anaweza kuogea ndani. Wiki ya kufungua shule ni wiki ya kuvunjika mgongo, asikudanganye mtu. Ndiyo maana jana nilipanda basi Mansa, nikashuka hapa Nchelenge kwa mdogo wangu, nipumzike walau siku moja. Leo asubuhi nikaenda kutembea ufukweni. Nilitegemea kimya, maana usiku mwezi ulikuwa mkubwa, mweupe pe. Lo! Nikakuta chisense zimetandazwa mchangani kama kawaida, nzi juu yake, na wanawake wanazigeuza.

"Mama, chisense munazitoa wapi na mwezi yote hii?" nikamuuliza mmoja.

"Wanaenda ziwani tu, mama," akajibu bila kuinua kichwa. "Nani anapumzika siku hizi?"

Nikakaa chini palepale, moyo ukaniuma. Wewe ambaye hukukulia huku, ngoja nikueleze. Chisense ni dagaa wadogo wa ziwa letu la Mweru, na huvuliwa usiku kwa taa. Wanaufuata mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote lina mwanga, karabai ya mvuvi inakuwa pambo tu. Basi zamani, siku hizo za mwezi, wanaume walikaa nyumbani. Kwanza walishona nyavu na kuziba mitumbwi. Siku ya mwisho kabisa, kabla ya kurudi kwenye giza na kazi, hakuna aliyegusa kitu.

Kwetu siku hiyo aliitangaza kambo, ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake baba. Jioni alikaa mlangoni akingoja mwezi utoke. Ukichelewa mpaka tumemaliza kula na kuosha sahani, alipiga makofi mara moja. "Bon. Kesho ni kulala. Kisha ni kazi." Na hakuna aliyebishana naye, hata baba mwenye ndevu zake.

Ah, siku ile! Kambo alipasha maji, akaiosha mikono ya baba katika beseni, mikono iliyochanwachanwa na kamba. Kisha akaipaka mawese mpaka ikawa myekundu. Mimi nilipewa mkono wa kushoto, nikaupaka polepole ili usiishe haraka. Halafu baba alilala mkekani uani, kambo akimfukuzia nzi kwa kitambaa na kutukemea: "Muache mutoto wangu alale!" Tulicheka kufa, mtoto gani anakoroma hivyo! Mchana tulikula bukari, ndio ugali wetu, na samaki makobo wa kuchemsha, na sombe ya majani ya muhogo iliyotwangwa tangu jana yake, maana hata kinu kilipumzika. Akiamka baba alituambia habari za ng'ambo, Kongo, walikotoka na kambo wakikimbia vita. Wiki nyingine zote nilimwona baba akiwa amelala mchana, ameinamia nyavu, au amegeuka mgongo kwenda ziwani. Siku ile tu ndiyo niliyokuwa naye, na niliihesabu kuwa yangu. Nilimpenda sana baba yangu, niseme wazi.

Mwaka mmoja kambo akaanza kukohoa na miguu ikavimba. Hata hivyo akakaa mlangoni, akaungoja mwezi, akaitangaza siku. Asubuhi yake patron akaja, mwenye mtumbwi na taa ambazo baba alizifanyia kazi. Akasimama uani bila kuketi.

"Leo tunaanza. Mwezi inachelewa kutoka, iko giza ya kutosha."

"Leo hapana, patron," baba akasema. "Leo niko na mama."

"Wenzako wamekubali."

"Ni sawa. Mimi kesho."

"Kama huende leo, kesho usikuye kazini."

Baba akamwangalia. Mimi nililikumbatia beseni, maana hata mtoto alijua kwamba mtumbwi ule ndio uliotulisha. Baba akaketi mkekani, akanyoosha mikono yake. "Kuya, mama," akamwita kambo. Patron akaondoka akitingisha kichwa.

Jioni baba akambeba kambo mgongoni mpaka majini, kama kambo alivyombeba yeye zamani. Kambo akatia miguu yake iliyovimba majini, akaangalia upande wa Kongo. Sijawahi kumwona mtu ametulia vile.

Kesho yake baba alibaki nyumbani. Hakuwa na nafasi tena katika mtumbwi. Wiki ileile ya giza, wenzake wakiwa ziwani, kambo alifia mikononi mwake. Watu msibani walisema ni bahati, mvuvi gani hupata kumshika mama yake saa hiyo? Baba alilia mbele ya watu wote kama mtoto, na mimi nikalia kwa kumwona yeye.

Patron naye alikuja kwenye kilio. Hakuwa mtu mbaya, usimchukie. Alikaa na wanaume, akala nao, na mwisho akamwambia baba, "Pole, ndugu. Kuya kazini." Baba akaenda.

Mwezi ukakua tena. Jioni nikakaa mlangoni mahali pa kambo, nikaungoja. Ulichelewa. Nikapiga makofi, nikasema kama yeye, "Bon, kesho ni kulala," na mama yangu mzazi akageuza uso ukutani. Asubuhi nikafagia uani, nikatandika mkeka, nikapasha maji, nikaomba mawese kwa jirani. Nilikuwa nimejipanga: sasa mikono yote miwili ni kazi yangu.

Baba akatoka ndani na kafi begani. Alikuwa anakwenda kwa patron, wameamua kuanza mapema.

"Baba, leo ni siku ya kulala," nikamwambia.

Akauangalia mkeka, akaliangalia beseni. Akanishika kichwa kwa ule mkono wake mkavu.

"Ile siku ilikuwa ya mama," akasema. "Mama alisha kwenda."

Akaenda. Nilibaki nimesimama na swali mdomoni: na mimi je, baba? Sikumuuliza siku ile, wala baadaye. Alivua kila patron alipoita, mwezi au giza, mpaka kifua chake kikachoka, naye tukamzika. Sasa ufuko mzima unafanya hivyo, na samaki wenyewe wamepungua. Leo nimelala mchana kutwa kwenye mkeka wa mdogo wangu, nikiamka na kusinzia tena, na kila nilipofumba macho nilikuwa nimesimama pale uani, na maji yanapoa.