Unyayo Bapa kwenye Mstari wa Kwanza

Juzi mjukuu wangu alitoka kuoga mbio, akaacha nyayo za maji kwenye sementi ya baraza. Nyayo nzima nzima, bila pengo katikati. Nilicheka peke yangu, rafiki yangu, maana zilikuwa nyayo zangu kabisa. Papo hapo nikarudi Kindu, wakati nchi ilipoitwa Zaire na sisi wanafunzi tulipiga defile, yaani gwaride, mbele ya wakubwa kila sikukuu ya chama.

Baba alifanya kazi relini, hivyo tuliishi karibu na stesheni. Asubuhi tulikwenda shule juu ya mataruma ya reli, tukiruka moja baada ya jingine, matumbo yamejaa chai ya moto na mikate ya mchele ya bibi. Raha iliyoje! Mimi nilitamani kitu kimoja tu duniani: kupiga defile mstari wa kwanza. Nyimbo nilizijua zote, sauti ninayo, urefu ninao. Lakini nikitembea, miguu ilitazama nje na magoti yaligusana. Mwalimu akasema nikiendelea na mwendo huo wa bata, siku ya sikukuu nitabaki nyumbani.

Hapo nikafanya ujinga. Mtaani kwetu watu waliamini kwamba mguu hunyooshwa kwa kiatu cha kubana. Nikaazima viatu vyeusi vya dada yangu, vilivyochongoka mbele, nikavivaa siku nne mfululizo, hata nikitwanga sombe, majani ya muhogo. Siku ya tano kidole gumba kilikuwa kimemlalia mwenzake, na pembeni pake pameota nundu nyekundu. Nililia kwa hasira.

Bibi hakunigombeza. Alinishika mkono hadi kwa fundi viatu aliyekaa nyuma ya stesheni, katikati ya harufu ya gundi na mipira ya matairi. Fundi alianza kwa kupindua viatu vyangu vya zamani: soli zimelika upande wa ndani tu. Kisha akanimwagia maji miguuni, akaniambia nikanyage sementi.

“Mutoto, angalia,” akasema. “Muguu yako inalala kwa ndani kila hatua. Njo maana kidole kikubwa kinasukumwa kwa wenzake. Kiatu ya kubana inaongeza tu.”

Akachonga kipande cha mpira, akakibandika ndani ya kiatu changu, pale unyayo unapotakiwa kuinuka. Mataruma akanikataza, maana kule kuruka kulinifanya nitue kwa mguu mzima kwa kishindo. Nitangulize kisigino, nimalizie kwa kidole gumba. Bibi akalowesha mguu wake, akakanyaga kando yangu. Alama zetu zilikuwa sawa, ila kidole chake gumba kilikwisha kuingia chini ya cha pili tangu zamani.

“Mimi hakuna muntu alinionyesha,” akasema taratibu.

Basi kila jioni tulifanya mazoezi kwenye kijia cha kando ya reli, hatua chache kutoka mlangoni kwetu, mimi mbele, yeye nyuma akichechemea na kuhesabu: kisigino, kidole, kisigino, kidole. Wapita njia walitucheka, sisi tukacheka zaidi. Unyayo wangu haukubadilika, mpaka leo ni bapa, lakini maumivu yalipungua na mwendo ukatulia. Mwalimu alinitazama mara mbili, akanionyesha mahali pangu: mstari wa kwanza.

Siku yenyewe ngoma zililia hadi kifua kikatetemeka. Furaha niliyokuwa nayo siwezi kuieleza. Tulipokaribia jukwaa la wakubwa nikamwona bibi. Mwaka mzima mguu ule ulikuwa haumruhusu kufika hata sokoni, na sasa alikuwa amesimama juani, mbele ya umati, midomo yake ikihesabu.

Defile zile zimekwisha, wala sizililii. Fundi hayupo, na treni siku hizi husubiriwa kwa wiki. Bibi ndiye ninayemlilia. Wakubwa jukwaani walidhani hatua zile ni zao. Nilikuwa nampigia yeye, kila moja.