Ukitaja Jina, Malizia

Shule mimi niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe sikulimaliza. Lakini kualika watu harusini, hapo Bagamoyo nzima ilinijua. Zamani hizo kadi hakuna. Mwenye shughuli hutuma mwanamke mwenye ulimi mzuri apite nyumba kwa nyumba, kanga mpya, udi nguoni. Udi wenyewe siku hizi mnachoma vumbi la mbao, basi tu.

Mwanangu wa kike alikuwa darasa la saba, mtihani wa kwenda sekondari umekaribia, na Kiingereza kinamliza. Siku moja namkuta barazani kanuna. Mwalimu kawaambia wapigie mstari prediketi, yeye kakosa zote.

"Prediketi ndiyo nini?"

"Mama nawe, hata nikikwambia."

"Niambie hivyo hivyo."

Akanisomea: "My mother cooks rice on Friday." Akanifasiria, mama yangu hupika wali Ijumaa. Yeye kapigia mstari "cooks" peke yake, mwalimu anasema haijatimia.

Nikacheka. Nikamkumbusha kisa cha shoga yangu aliyetumwa kualika, akaingia nyumba ya watu, akasema, "Bibi yenu wa Kaole..." kikohozi kikambana. Wenyewe wakashika vichwa, wakaangua kilio. Kumbe bibi mzima, anamwoza mjukuu.

"Sasa na mimi nikisema bibi wa Kaole anaalika, nikaenda zangu, watakuja?"

"Watakujaje? Harusi ya nani, lini, wapi?"

"Basi. Bibi ni huyo mmoja. Yote ninayomsemea, toka anaalika mpaka Ijumaa baada ya Alasiri, ndiyo habari yake, ndiyo hiyo prediketi yenu. Usiikate."

Akashika penseli, akavuta mstari toka "cooks" mpaka "Friday". Zilizobaki akazifanya bila kuniangalia. Kesho yake karudi na vema tupu.

Alipochaguliwa, mwalimu mkuu alituletea habari nyumbani. Nikavaa kanga zangu za kazi, nikatoka, na hakuna aliyenituma. Kila mlango hodi, salamu, nataja jina la mwanangu, kisha nanyamaza kwa makusudi.

"Kafanya nini?" wananiuliza. "Sema basi, unatutia roho juu."

Nami najitengeneza ushungi kwanza.

"Kachaguliwa kwenda sekondari ya bweni, anaondoka baada ya mwaka mpya, na Kiingereza sasa anakimudu."

Sikukata hata neno, mtaa hadi mtaa.