Boti Iliyogeuzwa kwa Neno Moja

Walimwita Bwana Kola kwa sababu ya kola ya shati lake. Aliitia wanga mpaka ikakauka kama bati, na wenye ndimi ndefu husema siku moja shati lilichoka kumsubiri amalize kufunga kamba za viatu, likatangulia kanisani peke yake na kukaa benchi la mbele. Aliyeliona hajajitokeza bado, ila wanaosimulia ni wengi.

Alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, mmisionari kutoka ng'ambo, aliyeletwa kisiwani kwa miaka miwili na sasa alikuwa amekwishamaliza miezi saba. Alipanga chumba cha uani kwa Bi Mkubwa, mjane mwenye maneno mengi kuliko meno, nyuma ya duka la mwanawe, fundi cherehani. Chumbani mlikuwa na kitanda, ndoo, msumari wa kutundikia shati, na ukuta uliotetemeka kila Fundi alipokanyaga cherehani yake. Asubuhi alifagia kanisa na kuwatoa kuku madhabahuni. Jumanne alimsaidia Nesi kupima watoto uzito zahanati, na hakuna mtoto aliyeshuka mizani bila kumkojolea. Mchana alipita nyumba kwa nyumba na kitabu chake, akipokewa vizuri na watu na vibaya na mabata. Jioni alikaa jikoni, daftari gotini, Bi Mkubwa akimfundisha lugha huku akichochea moto.

"Watu unawatia tumboni mwa neno," alimwambia wiki ile. "Mume kamkimbia mkewe. Mke atasemaje? Amenikimbia. Na watoto je? Ametukimbia. Umeona? 'Ni' na 'tu' vinakaa katikati kama pamba ndani ya mto."

"Ametukimbia," Bwana Kola akaandika. "Na akija, ametujia?"

"Inategemea kabeba nini. Akija mikono mitupu, amekuja tu."

Akaandika na hilo.

Basi Alhamisi ikafika. Mke wa Fundi alikuwa na uchungu tangu jana yake alasiri, na saa mbili asubuhi Nesi akatoka chumba cha kuzalishia akiwa amekunja mikono ya gauni mpaka mabegani. Alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kupayuka. Aliposema kwa sauti ya chini, watu walijua mambo yameharibika.

"Mtoto amekingama tumboni," alimwambia Fundi. "Ametanguliza mkono. Hapa hapafanyiki kitu, anataka kupasuliwa. Asipofika kwa daktari kabla ya adhuhuri, tutawakosa wote wawili."

Fundi alikuwa na futi ya kupimia nguo shingoni. Akaishika ncha mbili akaivuta kama mtu anayetaka kujinyonga.

Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlango wa bahari, na boti yake ilikwenda visiwani kuchukua wagonjwa. Nesi akaiita kwa simu ya upepo. Nahodha akajibu kwamba anakuja, lakini maji yamekupwa, hawezi kuvuka mwamba. Mgonjwa apelekwe kwa mtumbwi hadi kwenye boya, nje kabisa, wakutane hapo. Nesi akakubali. Akamgeukia Bwana Kola.

"Mimi siwezi kumwacha mgonjwa. Wewe baki na mashine. Ukibonyeza hapa unasema, ukiachia unasikia. Akiuliza, mwambie tumeondoka. Hilo tu."

"Hilo tu," Bwana Kola akasema, na moyo wake ukawa unapiga kama ile cherehani.

Walimbeba kwa kitanda cha kamba, wakamlaza ubavu ndani ya mtumbwi, Nesi miguuni, Fundi kichwani, wapiga makasia wawili mbele na nyuma. Bi Mkubwa alisimama ufukoni mpaka mtumbwi ukawa mdogo kama kokwa. Bwana Kola alibaki kwenye chumba cha dawa, kiti kimoja, meza moja, mashine ikikoroma kama mzee aliyeshiba.

Saa nne na dakika kumi mashine ikaita. "Zahanati, zahanati. Niko nusu ya njia. Mgonjwa vipi? Ova."

Hapo ndipo kijana wetu alipotaka kuonyesha alivyosoma. Mgonjwa ametoka, hiyo angeiweza hata mwezi wa kwanza. Lakini ametoka kwa nani? Ametoka kwetu sisi. Basi sisi tuingie tumboni mwa neno. Akabonyeza.

"Mgonjwa ametutoka," akasema kwa sauti safi ya kusomea maandiko. "Ametutoka sasa hivi. Ova."

Sauti ya nahodha ikarudi imeshuka.

"Pole sana, ndugu yangu. Poleni wote. Mungu amlaze mahali pema."

Bwana Kola akafurahi. Pole aliijua, huambiwa mwenye mgonjwa. Mahali pema, bila shaka ni kitanda kizuri cha hospitali. "Amina!" akajibu. "Asante sana! Mungu ni mwema!"

"Kweli wewe una imani," nahodha akasema taratibu. "Basi nageuza. Kuna mwingine kisiwa cha pili ananisubiri. Nahamia namba saba niongee nao. Ova."

Bwana Kola aliandika maneno mapya yote daftarini kama ilivyokuwa desturi yake, akapiga mstari chini. Bi Mkubwa akaingia, kanga imelowa mpaka magotini.

"Wamekwambiaje?"

"Vizuri sana, mama. Alinipa pole."

"Pole ya nini? Mimi kusoma siwezi. Nisomee alivyosema, neno kwa neno, usiruke."

Bwana Kola akasoma, kidole kikifuata mstari. "Mungu... amlaze... mahali pema."

Bi Mkubwa akashika ukingo wa meza. "Hayo ni ya marehemu. Wewe ulimwambia nini kwanza?"

"Mgonjwa ametutoka."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha kijana. Bi Mkubwa alizoea kupiga kelele hata kwa sababu ya chumvi.

"Mwanangu," alisema, "mtu akitutoka, amekufa. Umemfisha mkwe wangu kwa mdomo. Halafu akasemaje?"

"Nageuza."

Wote wawili wakatazama dirishani. Maji yalikuwa meupe kwa jua. Mbali, kwenye boya, kitu cheusi kilikuwa kinapanda na kushuka. Boti haikuonekana popote.

Bwana Kola akabonyeza. "Nahodha, nahodha!" Akaachia. Mkoromo tu. Akabonyeza tena. Mkoromo. Akaruka mlangoni. "Kengele! Nitapiga kengele ya kanisa!"

"Rudi hapa!" Bi Mkubwa akamdaka shati, na ile kola ikatoa mlio wa kuvunjika. "Kengele saa hizi ni ya nini kama si ya maziko? Wale kwenye mtumbwi watadhani tumefiwa huku, na nahodha akiisikia ndiyo atathibitisha. Soma! Alisema nini kingine?"

"Kisiwa cha pili. Namba... namba saba."

"Namba saba ni nini?"

Bwana Kola alitazama mashine. Palikuwa na kifundo cha kuzungusha, na tarakimu zilizofutika kwa vidole vya miaka. Akazungusha. Tano. Mtu alikuwa anauliza bei ya saruji. Sita. Kimya. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye kipaza sauti. Akafika palipofutika kabisa, na sauti ya nahodha ikatokeza katikati ya sentensi: "...nusu saa nitakuwa kwenu, mwandaeni."

Akabonyeza, mdomo ukafunguka, neno lisitoke. Kila neno alilolijua sasa lilionekana kama lina maiti ndani yake. Aseme yu hai? Aseme bado? Bado nini? Alikuwa na daftari lenye maneno mia tisa na hakuthubutu kutumia hata moja.

Bi Mkubwa akamnyang'anya kipaza sauti. "Nahodha! Mkwe wangu mzima! Rudi!" Lakini hakubonyeza, akawa anaikaripia mashine tupu. Bwana Kola akaweka kidole chake juu ya kitufe, juu ya mkono wa Bi Mkubwa. Kidole chake, ulimi wa mama.

"Nahodha! Mgonjwa hajafa! Huyu mtoto wa kizungu kakosea neno! Yuko kwenye boya anakungoja!"

Kidole kikaachia.

"Mama yangu," nahodha akasema kwa upole wa kuvunja moyo. "Pole. Najua. Na mimi nilipofiwa nilisema hivyohivyo, kwamba hajafa. Tafuta mtu akae nawe."

"Kidole!" Kikabonyeza. "Sijafiwa!"

"Ndiyo, mama. Kaa kitako, unywe maji."

Boti ilikuwa inakwenda. Kila pumzi waliyovuta iliisukuma mbali zaidi, na kule kwenye boya jua lilikuwa juu ya mwanamke aliyelala ubavu katika maji ya chini ya mtumbwi. Bwana Kola akaona midomo ya Bi Mkubwa ikitetemeka. Alidhani atalia, na akilia, basi, kilio hicho nahodha angekisikia na kuamini zaidi.

Bi Mkubwa hakulia. Alivuta pumzi mpaka chupa za dawa zikasogea rafuni.

"Nisikilize wewe nahodha wa beseni! Ningekuwa na msiba ningepata wapi nguvu ya kukuuliza nani alikupa usukani, mkokoteni ulikushinda? Hayo masikio yako ni masikio au vishikio vya sufuria? Nimekwambia mzima, wewe unanipa maji ya kunywa! Nikinywa maji, wewe utakunywa bahari! Mkwe wangu yuko kwenye boya, mwanangu yuko naye, Nesi yuko naye, na mtoto ametoa mkono nje anakuita, mkono! Wewe unakwenda zako kama mjumbe wa harusi aliyesahau harusi ni ya nani! Geuza hilo beseni kabla sijaja kuligeuza mimi kwa miguu, juu ya maji, na nikifika..."

Nikifika yenyewe haiandikiki. Nesi alisimuliwa baadaye akaziba masikio, na inasemekana mtu wa saruji kule namba tano alizima mashine yake kwa heshima.

Kidole kikaachia.

"Mama," nahodha akasema.

"Nini!"

"Mfiwa hatukani namna hii."

"Sasa umejua."

"Nageuza. Mafuta yatanifikisha kwenye boya na hospitali, zaidi ya hapo sijui. Mwombeeni huyu wa kisiwa cha pili asubiri."

Dakika thelathini na tano zilipita kabla boti haijachomoza. Bwana Kola alizihesabu kwa saa ya ukutani, moja moja, kila ule mshale mrefu uliporuka. Boti ikasimama penye boya. Ikakaa, ikakaa. Kisha ikaondoka kwa kasi na povu nyuma yake, na mtumbwi ukabaki na watu wawili tu.

Walikaa kwenye benchi la zahanati. Bi Mkubwa alinyamaza saa nne mfululizo, na majirani wakawa wanapita kuchungulia kama na yeye ni mzima. Alasiri, saa tisa kasorobo, karani wa hospitali akaita.

"Mama mzima. Mtoto mzima, wa kike. Mkono wa kulia umevimba, haujajongea. Daktari anasema tungoje. Ova."

"Mzima," Bwana Kola akasema, kidole kwenye kitufe. "Mzima maana yake hajafa? Sema hajafa."

"Hajafa. Wote wawili hawajafa. Wewe vipi, ndugu?"

Bi Mkubwa alijifuta uso kwa kanga, upande wa nje na wa ndani. "Haya, limepita. Fundi asijue."

"Nitamwambia, mama."

"Umwambie ili iweje? Unataka kutua mzigo wako kichwani mwake?"

Bwana Kola alitafuta maneno, akayachagua kama mtu anayekanyaga mawe mtoni. "Mkono usipopona, atauliza kwa nini boti ilichelewa. Atamuuliza Mungu. Na Mungu hakuongea kwenye simu. Ni mimi."

Bi Mkubwa aliyasikiliza maneno yale kama kule jikoni. Hakukuwa na kosa la kusahihisha.

Jumamosi akavuka na chombo cha mizigo. Wodini Fundi alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda cha mkewe, futi bado shingoni. Bwana Kola alisimulia yote akiwa amesimama, tangu daftari mpaka namba saba. Alipomaliza, Fundi akainuka. Akakunja mkono wa shati. Kulikuwa na alama nne za kucha, zimeanza kukauka.

"Alinishika hapa," alisema. "Saa nzima. Nilikuwa namwambia boti inakuja, inakuja. Mimi mwenyewe nilikuwa siamini." Akatoka nje barazani, na mlango ukabaki ukicheza.

Mke wa Fundi alikuwa amelala kimya, mtoto kifuani. "Kumbe nilikufa," alisema. "Saa ngapi?"

"Saa nne na dakika kumi."

"Saa nne na dakika kumi nilikuwa nawatukana wapiga makasia." Akafikiri. "Nani alilia sana?"

"Hakuna aliyelia, dada. Hakukuwa na nafasi. Mama alikuwa anatukana."

"Afadhali." Akajaribu kucheka, mshono ukamkataza, akafumba macho mpaka maumivu yakapita. Alipoyafumbua hakuwa na mzaha tena. "Sikuambii limekwisha. Sijui bado. Leta hilo beseni la maji ya moto, mkono wake unataka kukandwa kila saa, na mimi siwezi kuinama."

Bwana Kola akaleta beseni, akapiga magoti, akakamua kitambaa. Mkono wa mtoto ulikuwa wa zambarau, mzito, umelala kama kitu cha mtu mwingine. Aliukanda kutoka bega kushuka, taratibu, maji yakipoa, akachovya tena, akakamua tena. Fundi alirudi akasimama nyuma yake, akamsogezea taa.

Ikawa mara ya sita au ya saba. Kidole cha mwisho, kile kidogo kabisa, kikajikunja kwenye kitambaa, kikaachia.

"Umeona?" mke wa Fundi akanong'ona.

Bwana Kola alikuwa ameona. Akachovya kitambaa tena.