Mtihani wa Mdomo

Tuliporudi Gisenyi kutoka Tanzania, nilijiona mjuzi wa pori. Binamu yangu, mwenyeji wa Nyamyumba, alinionyesha vichaka viwili karibu na chemchemi ya maji moto tulikofulia nguo. Vyote vilizaa matunda meusi, kimoja matamu, kingine sumu.

"Paka tunda ku mudomo, we ukae kimya mpaka nguo zikauke. Ikiwasha, usikule."

Nikakaa kimya kama mgonjwa, naye akila bila wasiwasi. Nguo zilipokauka, kichaka kitamu kilibaki majani tu. Kumbe alikitambua tangu zamani kwa miiba yake.

Nilinuna wiki nzima. Kisha binamu zetu wa Goma wakavuka mpaka kututembelea, nami nikawafundisha mtihani huohuo. Nilichagua siku ya kufua mablanketi.