Nyasi za Ciza Zilivyoyeyuka

Ciza Zihindula hakuwa mtu wa kuzoea ukame. Kule Bukavu alikuwa akitunza matangi ya kioo katika hoteli ndogo iliyotazamana na ziwa, kazi aliyofundishwa na padri mmoja mzee aliyependa samaki kuliko alivyopenda mahubiri. Vita vilipoingia mjini mwaka 2004, risasi zilipasua matangi yote, samaki wakafa wakirukaruka sakafuni katikati ya vioo. Ciza akamshika mkono mke wake, Jeannette, akambeba mgongoni binti yao Bénie aliyekuwa na miaka saba, wakatoka. Walipita nchi za watu, wakalala makanisani na vituo vya malori, hadi Malawi ikawapokea.

Kambi ya Dzaleka ilikuwa gereza zamani, wenyeji walisema, na Ciza alipoutazama ule uwanda usio na kivuli hakuona sababu ya kuwabishia. Akawa mfyatua matofali. Jeannette, ambaye kwao alikuwa akifanya usafi katika chumba cha upasuaji cha hospitali, akaanza kushona nguo za watoto kwa mkono. Miaka ikapita hivyo, mmoja ukifanana na mwenzake, na viganja vya Ciza vilivyozoea kushika vitu laini vikawa vigumu kama gome.

Mlango ulifunguka mwaka 2009. Mama mmoja wa Lilongwe, Mayi Nkhoma, mwenye nyumba ya wageni iliyokuwa na mkahawa mzuri, alikuwa amenunua tangi kubwa la samaki, refu kama kitanda. Kila alichokitia humo kilikufa. Mchungaji wa kanisa la wakimbizi akamtajia jina la Ciza. Ciza akapelekwa, akainama mbele ya kile kioo kilichojaa ukungu wa kijani.

"Maji haya hayana majani," akasema kwa Chichewa chake cha kuokoteza. "Samaki akose majani, mama, atajificha wapi? Atapumulia wapi?"

Mayi Nkhoma akacheka. Akampa dereva, wakaenda naye hadi ziwa la Malawi, upande wa Salima. Ciza akavua viatu, akaingia majini mpaka kifuani, akapiga mbizi. Alirudi na ndoo ya nyasi ndefu, nyembamba kama utepe, za kijani kibichi. Alizipanda moja moja kwenye changarawe, akizifukia mizizi kwa vidole kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Baada ya miezi kadhaa tangi lile likawa msitu. Nyasi zilifika juu, zikajikunja usoni mwa maji, zikawa zinayumba taratibu, na samaki wa rangi wakapita humo wakitokea na kupotea. Wateja walihama meza zao ili wakae karibu. Wakubwa kutoka ofisi za serikali za Capital Hill wakija kula, Mayi Nkhoma alikuwa akiwakalisha hapo hapo na kusema, "Haya yote ni kazi ya mtu wangu."

Mtu wangu. Neno hilo ndilo lililowalisha. Kwa sheria, mkimbizi alitakiwa akae kambini. Lakini maofisa wa uhamiaji walipopita Kawale, mtaa wa Lilongwe ambako Ciza alikuwa amepangishiwa chumba na familia yake, Mayi Nkhoma alikuwa akinyanyua simu tu, nao wakaondoka. Jeannette akapata cherehani na kibanda sokoni. Bénie akasoma shule ya mjini, akazungumza Chichewa hata wenzake wakasahau alikotoka. Jioni alikuwa akimtania baba yake: "Papa, we unapenda ile majani kupita sisi." Ciza hakukataa haraka kama ilivyompasa mzazi.

Mwaka 2013 alikuja Limbani, mpwa wa Mayi Nkhoma, kijana aliyekuwa amefanya kazi Afrika Kusini, akakabidhiwa usimamizi wa mkahawa. Hakuwa mtu mbaya. Alilipenda tangi kwa dhati, ila alitaka lipendeze zaidi. Alileta mimea ya majani mekundu iliyofungwa kwenye mifuko ya maji, na chupa nyeupe.

"Hii ni kaboni ya maji," alimwambia Ciza. "Chakula cha majani. Kifuniko kimoja kila asubuhi, nusu ikiwezekana. Usizidishe."

Ciza akafuata. Na kweli, ile mimea mekundu ikawaka. Ukungu uliokuwa ukishika pembe za kioo ukatoweka. Mayi Nkhoma akampigia makofi mbele ya wateja. Ciza, ambaye hakuwahi kupigiwa makofi na mtu yeyote tangu avuke mpaka, akarudi Kawale akiwa amebeba ile chupa ndani ya mfuko, ili mkewe aione.

Jeannette akaifungua, akainusa, akaisogeza mbali na uso.

"Baba Bénie, iyi harufu mi naiyuwa. Njo ile ya chumba ya operesheni. Tulikuwa tunaloweka bisu na bimakasi ndani, ili microbe yote ikufe."

"Ile ya hospitali inaua," Ciza akajibu. "Iyi inalisha."

"Nani alikuambia?"

"Macho yangu. Uende uone vile majani inang'aa."

Jeannette akafunga kifuniko, akaenda kunawa mikono kwa sabuni. Hakurudia tena. Alikuwa mwanamke wa kusema jambo mara moja.

Nyasi za ziwani ndizo zilizoanza kuharibika. Ncha ziligeuka kahawia, kisha zikawa angavu kama karatasi iliyolowa mafuta, mtu aliweza kuona upande wa pili. Ciza akadhani zina njaa. Mekundu yanakula yote, akajiambia, haya ya kwangu yanabakiwa na makombo. Basi akaongeza kipimo. Asubuhi vifuniko viwili, na jioni, Limbani akiwa jikoni, akaongeza kingine. Hakumwambia mtu. Kila nyasi zilivyozidi kudhoofika ndivyo alivyozidi kumimina, kama mama anayemlazimisha uji mtoto anayetapika.

Siku moja aliugusa utepe mmoja, ukakatika, ukamtelezea vidoleni kama ute wa bamia. Akagusa mwingine, nao vilevile. Msitu mzima ulikuwa umesimama kwa mazoea tu. Kufikia mwisho wa juma ulikuwa umelala chini, unaoza, na maji yakawa ya rangi ya chai ya maziwa. Ciza aliomba nafasi ya kuyabadilisha yote, lakini Mayi Nkhoma alikuwa na sherehe ya harusi Jumamosi na hakutaka mabomba na ndoo mbele ya wageni. "Jumapili," akasema.

Umeme ukakatika Ijumaa, kama ulivyozoea. Pampu ya hewa ikazima. Ciza alipofika Jumamosi asubuhi, samaki walikuwa wanaelea ubavu ubavu, midomo wazi, na harufu imejaa hadi barazani. Wapishi walisimama wameziba pua. Limbani alikuwa ameshika chupa, akiitikisa sikioni. Ilikuwa karibu tupu.

"Nilikwambia kifuniko kimoja," akasema, bila hasira, kwa mshangao tu. "Hii ilikuwa ya miezi mitatu."

"Nilifikiri zina njaa," Ciza akajibu.

Mayi Nkhoma hakupiga kelele. Angepiga kelele ingekuwa nafuu. Alitazama meza zilizopambwa maua, akalitazama tangi, akasema, "Toeni hii kabla wageni hawajafika. Na wewe, Bambo Ciza, nenda nyumbani."

"Mayi, mizizi bado. Chini ya changarawe iko hai. Tuache hiyo dawa, zitaota tena, nakuomba..."

"Nenda nyumbani."

Vijana wa bustani wakabeba changarawe na vyote vilivyokuwamo, wakavitupa kwenye shimo la taka. Ciza hakwenda nyumbani. Alizunguka nyuma, akaingia shimoni na suruali yake ya kazi, akachakura katikati ya maganda ya viazi na samaki aliokuwa akiwajua mmoja mmoja. Alitoka na mafundo machache ya mizizi myeupe ndani ya kofia yake.

Aliyatia kwenye beseni la kufulia, Kawale, akayawekea maji ya kisima tu. Jeannette hakumlaumu, wala hakumwambia "nilikwambia." Alianza kufulia kwenye ndoo. Wiki zikapita bila dalili, halafu kwenye fundo moja ikajitokeza ncha ya kijani, ndogo kama ukucha wa kitoto, na nyingine kando yake. Ciza akacheka peke yake mpaka Bénie akatoka nje kuona kuna nini.

Alivaa shati lake la kanisani, akalibeba beseni kichwani mwenyewe, kwa kuwa juu ya baiskeli ya abiria, ya kabaza, lingemwagika, akatembea hadi kwa Mayi Nkhoma. Tangi halikuwepo. Mahali pake palikuwa na televisheni kubwa, wateja wanatazama mpira. Mayi Nkhoma alitoka, akaviangalia vile vichipukizi.

"Zimeota kweli," akasema polepole, akamshukuru. "Zikomo, Bambo Ciza. Lakini tangi nimeliuza." Akasita. "Na kama ni ile habari ya maofisa wa uhamiaji, siwezi kuwapigia simu kwa mtu asiyefanya kazi kwangu. Unanielewa."

Alimwelewa. Haikupita muda ikatoka amri wakimbizi wote warudi kambini. Polisi walifika Kawale alfajiri, wakagonga mlango kwa mlango. Jeannette aliruhusiwa kubeba nguo. Cherehani ilibaki, na kufika mchana kibanda chake kilikuwa na mtu mwingine. Ciza aliomba beseni lake. Askari mmoja akachungulia ndani, akauliza, "Hii mboga?" kisha akalimwaga mtaroni ili apate chombo cha kukalia ndani ya lori. Hakufanya kwa ubaya. Aliona majani tu.

Bénie alikuwa na miaka kumi na sita, na mtihani mbele yake. Ndani ya lori hakulia. Walipopita Kanengo, maghala ya tumbaku yakirudi nyuma upande wa pili wa barabara, alimwambia baba yake, "Mi siwezi rudi kule, papa."

"Ni kwa muda kidogo."

"Vile vile ulisema wakati tulitoka Bukavu."

Bénie alikaa Dzaleka msimu mmoja wa mvua. Halafu akaondoka na wasichana wengine wawili, kwa lori la mahindi lililokuwa likielekea kusini. Aliacha sare yake ya shule imekunjwa juu ya mkeka. Jeannette aliikuta, akakaa nayo mapajani siku nzima bila kuwasha moto. Ciza alipotaka kusema kitu, akamwinulia mkono.

"Usiseme ni wewe. Ukisema ni wewe, mi nitaitika ni kweli."

Simu ililia mara moja, mwezi uliofuata. Namba ya Msumbiji, upepo mwingi. "Niko salama, mama," Bénie alisema, akasema na jambo jingine ambalo upepo ulilichukua. Waliipiga namba ile kila siku, na kila siku sauti ya mashine iliwajibu kwa Kireno.

Miaka miwili baadaye shirika fulani lilichimba bwawa la samaki pembeni ya kambi. Jirani yao, Mrundi aliyeitwa Ntahomvukiye, akalipeleka jina la Ciza bila kumuuliza. Ciza akaitwa. Wakampa gunia la mbolea ya kurutubisha maji, wakamwonyesha pa kuanzia. Alisimama ukingoni na gunia begani, maji yakimtazama, mpaka wenzake wakaanza kunong'ona. Kisha akaliweka chini polepole, akarudi nyumbani.

"Nini ilikuwa?" Jeannette akauliza.

"Nimeshindwa."

Jeannette akamsogezea sahani ya nsima, ule ugali wa Malawi. Wakala. Ciza alipomaliza alinawa, akachukua simu juu ya kisanduku, ile ambayo Bénie aliijua namba yake, akaenda nayo kwenye kibanda cha kuchaji, maana alama ya betri ilikuwa imebaki moja.