Siku Niliyotafsiri Neno kwa Neno

Kwa miaka sita nilikuwa mkalimani wa mwenyekiti wetu, na kwa miaka hiyo sita watu wa mjini hawakuwahi kusikia alichokuwa akisema hasa.

Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa mahindi, hapa Rongai. Mtu mrefu, mwenye ulimi mkali, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Kwenye mikutano alizungumza Kikalenjin, nami nasimama kando yake na maiki, nageuza kwa Kiswahili ili wachuuzi na maofisa waelewe. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, siku hizi mstaafu. Kikalenjin nilikipata kwa mama. Mwenyekiti akisema, "Waambie hao wajinga waketi," mimi nasema, "Mwenyekiti anatuomba tuketi." Akitukana, nasema amesikitika. Watu wakamsifu mjini kwamba ana busara. Busara ilikuwa yangu.

Basi likaja jambo la Jumuiya, ule umoja wa nchi yetu na majirani zake. Mahindi ya ng'ambo ya mpaka yalikuwa yanaingia kwa malori, yetu yanaoza kwenye stoo, na watu wakaanza kusema nchi yetu ijitoe. Tutoke Jumuiya, tufunge mpaka, kila mtu ale jasho lake. Redio ilikuwa ni hiyo tu tangu asubuhi. Hotelini chai ilipoa watu wakibishana. Wakulima walitaka tutoke. Wachuuzi wa soko la Bondeni kule mjini, wanaouza mayai na maharagwe na ndizi za Uganda, waliuliza nchi ikitoka wao wataweka nini mezani. Nilijua ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja analima na mwingine anauza mayai, waliokaa benchi tofauti kanisani kwa sababu hiyo.

Mimi nilikuwa na mahindi yangu stoo kama wengine. Lakini pia nilikuwa na mume.

Mume wangu ni Mganda, mtu wa Mbale. Alikuja Rongai kijana kufunga mashine ya kusaga unga, akaniona, akabaki. Kutoka hapa hadi Mogotio hakuna posho mill ambayo hajaifungua tumbo. Watu walimwita Fundi, na wakati wa mavuno walikuja kumgongea kabla jogoo hajawika.

Mkutano wa kwanza ulifanyika Nakuru mjini, kwenye ukumbi, wakulima upande mmoja na wachuuzi upande mwingine. Ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama madirishani. Mume wangu alikuja kunisikiliza, akasimama nyuma karibu na mlango. Mchuuzi mmoja, mama mnene mwenye leso ya kijani, akauliza swali la haki: "Mzee, tukitoka Jumuiya, sisi tulioolewa ng'ambo ama tuliooa huko, tutafanywa nini?"

Mwenyekiti alicheka. Akanigeukia, akaninyooshea kidole mbele ya umati wote, akasema kwa Kikalenjin: "Si mumwulize huyu? Huyu alikosa mwanamume hapa, akaenda kuchukua mahindi ya magendo akayalaza kitandani. Tukifunga mpaka, tutaanza kwa kumrudisha huyo."

Wakulima wakaangua kicheko. Wanaume niliowafundisha kusoma walipiga meza. Wachuuzi wakawa wananitazama mimi, wanangoja niwaambie kinachochekesha.

Nilikuwa na maiki mkononi. Nikasema, "Mwenyekiti anasema ndoa ni baraka, hazitaguswa."

Basi kicheko kikawa maradufu, kwa sababu sasa walikuwa wananicheka nikijifunika aibu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilipotazama mlangoni, mume wangu hakuwepo. Miaka zaidi ya ishirini ameishi kati yetu, Kikalenjin anakielewa kila neno.

Nilimkuta nyumbani ameketi kwenye ngazi, anasafisha spana ambazo zilikuwa safi.

"Achana nayo," akaniambia. "Ni maneno tu."

"Si maneno tu."

"Wewe ukiyabeba, utaanguka nayo. Mimi nimeyaweka chini."

Lakini hakuyaweka chini. Wiki hiyohiyo watoto wa shule walianza kumwita Magendo barabarani, kisha wazazi wao. Mtu akaandika neno hilo kwa mkaa kwenye mlango wa karakana yake. Alilifuta, likaandikwa tena. Mwisho wa mwezi alifunga karakana, akatafuta kazi ya kuchomelea mabomba kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke. Akawa anakuja nyumbani Jumamosi tu. Nyumba ikawa kubwa.

Nami nikaanza kumngoja mwenyekiti. Sitasema nilihuzunika, wala sitasema nilimwombea. Nilipalilia mahindi nikimfikiria yeye. Kila nilipoinua jembe lilimwangukia. Aliponipigia simu kwamba kuna mkutano wa pili, mkubwa zaidi, nikamwambia, "Nitakuja, Mwenyekiti." Sauti yangu ilikuwa tamu hata mimi nikashangaa. Hakuomba msamaha. Nadhani alikuwa ameshasahau, na hilo ndilo lililonikaza moyo kabisa.

Mkutano wa pili ulikuwa papa hapa Rongai, kwenye uwanja wa shule. Palikuwa na barua ya kupelekwa bungeni, kuomba nchi ijitoe katika Jumuiya. Ikitiwa sahihi na wakulima peke yao ingeonekana ni kilio cha watu wachache. Ikitiwa sahihi na wachuuzi pia, ingekuwa na uzito. Kwa hiyo mwenyekiti alikuwa amewaahidi wachuuzi wa Bondeni kwamba hata mpaka ukifungwa, wao watatafutiwa njia. Walikuja wengi. Mama wa leso ya kijani aliketi mstari wa mbele, na kando yake mwandishi wa redio na kinasa sauti.

Mwenyekiti akasimama. Alianza kwa upole, nikatafsiri kwa upole. Halafu akaona wakulima wake wananung'unika kwamba amewabembeleza wachuuzi kupita kiasi, akataka kuwatuliza. Akawageukia, akacheka kidogo, akasema kwa lugha yetu, akiniamini kwamba nitapaka asali kama siku zote:

"Tulieni. Hawa kuku wa Bondeni acheni waweke sahihi kwanza. Mpaka ukishafungwa, bei ni sisi tunapanga, na watakuja hapa kwa magoti."

Nikasogeza maiki mdomoni. Moyo ulikuwa umetulia tuli.

"Mwenyekiti anasema," nikatamka polepole, kama naandikisha imla darasani, "wakulima watulie. Anasema hawa kuku wa Bondeni waachwe waweke sahihi kwanza. Mpaka ukishafungwa, bei watapanga wakulima, na ninyi mtakuja hapa kwa magoti."

Mwenyekiti hakuelewa yote, lakini neno kuku alilijua. Akanigeukia, akanong'ona kwa Kikalenjin, "Mwalimu, umewaambia nini?"

"Mwenyekiti ananiuliza nimewaambia nini," nikasema kwenye maiki.

"Nyamaza, mwanamke!"

"Mwenyekiti ananiambia ninyamaze, mwanamke mimi."

Hapo mama wa leso ya kijani akasimama. "Sisi ndio kuku?" Akaichukua ile barua mezani, akaipasua mara mbili, akamtupia miguuni. Viti vikaanguka. Mchuuzi mmoja akamshika mwenyekiti koti, wazee wakaamua. Mwandishi wa redio alikuwa ameinua kinasa sauti juu kama mshumaa. Mwenyekiti alinitazama, na safari hii aliyekuwa anatafuta pa kujifunika alikuwa yeye. Niliirudisha maiki kwenye kishikio chake, nikachukua mkoba, nikatembea hadi nyumbani. Njiani nilinunua ndizi nikala. Zilikuwa tamu.

Kesho yake redio ilirusha sauti yangu na yake. Baada ya wiki chache wakulima walimchagua mwenyekiti mwingine. Hakuna barua iliyopelekwa bungeni kutoka kwetu, na ubishi wa Jumuiya unaendelea hadi leo vilevile.

Sikupigiwa makofi, lakini. Mjomba wangu, ndugu yake mama, mzee aliyekuwa na magunia yake stoo tangu mwaka uliotangulia, alikuja akakataa kuketi.

"Umemkomesha," akasema. "Na sisi? Mahindi yetu nani sasa atayasemea? Ungemtukana huko nje, mama. Umetumia mkutano wetu."

"Mjomba, mlicheka siku ile."

"Mimi sikucheka."

Ilikuwa kweli. Hakucheka. Akaenda zake bila kunywa maji.

Mume wangu alikuwa ameisikia redioni huko Olkaria, yeye na mafundi wenzake. Jumamosi alipokuja alikula kidogo, kisha akaniuliza, "Umeridhika?"

"Nimeridhika."

"Sawa." Akakata ugali. "Mimi sitarudi karakana. Kule hakuna anayenijua, nimepumzika."

Nilikuwa nimefikiri nikimwangusha yule mtu, nyumba yangu itarudi ilivyokuwa. Haikurudi. Bado naishi wiki nzima peke yangu na kuku wangu na redio.

Mwezi uliopita mchungaji alituita mimi na yule mwenyekiti mbele baada ya ibada, akasema jamii haiwezi kuponywa wazee wake wakinuniana. Mwenyekiti wa zamani amezeeka ghafla, anatembea na fimbo. Alininyooshea mkono, akasema kwa Kiswahili chake kile kibovu, "Mwalimu, mimi nilikosea wewe."

Kanisa zima lilingoja. Nikampa mkono, kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Mchungaji akasema amina, kwaya ikaanza kuimba. Mimi sikusema nimemsamehe, na hadi sasa sijasema.